Ununuzi wa tiketi za ndege za ng'ambo katika wilaya za Tarime na Serengeti

Ununuzi wa tiketi za ndege za ng'ambo katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, kaskazini magharibi mwa Tanzania, ni jambo linalotegemea hati za msafiri na njia ya kufika uwanjani kabla ya kutegemea bei ya siku. Wilaya hizo hazina uwanja wenye ndege za abiria zinazokwenda Ulaya, Asia au Amerika. Anayetoka Tarime mjini, Sirari, Nyamongo au Mugumu huanza safari kwa basi au gari dogo hadi Mwanza, Arusha, Kisumu au Nairobi, na huko ndiko hupanda ndege ya kwanza.

Wanaosafiri ni wa aina nyingi: wanafunzi waliopata ufadhili, wafanyabiashara wanaofuata bidhaa Dubai na Guangzhou, wagonjwa wanaokwenda kutibiwa India, mapadri na watawa, wazazi wanaokwenda kuwaona watoto walioolewa au kuajiriwa ughaibuni, na wenye kampuni za utalii za Mugumu na Arusha wanaohudhuria maonyesho ya Berlin na London. Kila kundi lina tarehe yake ya mwisho, na kwa hiyo wakati unaofaa kununua si mmoja kwa wote.

Historia

Hadi mwaka 1977 watu wa Tarime waliokwenda Ulaya walikuwa na njia fupi: kuvuka Sirari na kupandia Nairobi, makao makuu ya shirika la East African Airways lililoanza kazi mwaka 1946. Shirika hilo lilivunjika mapema mwaka 1977 pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule. Mwezi Februari mwaka huohuo Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na ulifunguliwa tena Novemba 1983. Kwa karibu miaka saba Nairobi, iliyo jirani kwa Mkurya kuliko Dar es Salaam, ikawa haifikiki kihalali kwa barabara. Wasafiri waligeukia Dar es Salaam, au Uwanja wa Kilimanjaro (KIA) uliofunguliwa mwaka 1971. Air Tanzania iliundwa Machi 1977.

Katika miaka hiyo kikwazo kikubwa hakikuwa nauli pekee bali fedha za kigeni, ambazo zilikuwa chini ya udhibiti wa Benki Kuu. Maduka ya kubadilishia fedha yaliruhusiwa mwaka 1992, na tangu hapo mtu binafsi aliweza kununua dola bila kueleza sababu nyingi.

Badiliko jingine lilikuja tarehe 1 Juni 2008, mashirika yaliyo katika chama cha kimataifa cha usafiri wa anga (IATA) yalipoacha tiketi za karatasi. Kabla ya hapo kitabu cha tiketi kilipaswa kufuatwa Mwanza, Nairobi au Dar es Salaam. Sasa mtu wa Nyamongo anaweza kuipokea kwenye simu. Kisha Fastjet, iliyoanza safari za ndani Novemba 2012 kati ya Dar es Salaam, Mwanza na Kilimanjaro, iliwazoesha Watanzania wengi wazo kwamba anayenunua mapema hulipa kidogo. Shirika hilo lilisimamisha safari zake nchini mwishoni mwa mwaka 2018, lakini wazo lilibaki. Kwa safari za ndani ni wazo sahihi. Kwa safari inayohitaji viza ni nusu ya ukweli.

Jinsi nauli inavyopangwa

Shirika la ndege haliuzi viti vyote vya daraja la kawaida kwa bei moja. Viti hugawanywa katika mafungu, na kila fungu hupewa herufi yake, bei yake na masharti yake ya kubadili tarehe au kurudishiwa fedha. Abiria wawili walioketi sako kwa bako wanaweza kuwa wamelipa nauli zinazopishana sana. Fungu la chini likiisha, anayefuata huuziwa la juu yake. Mfumo wa kompyuta hulinganisha kila siku viti vilivyouzwa na vile vilivyotarajiwa kuuzwa, kisha hufunga au hufungua mafungu. Ndiyo maana nauli haipandi kama ngazi, daraja moja kila wiki: ndege inayouzwa polepole huweza kushuka bei, na nyingine huweza kupanda miezi mitano kabla kwa sababu kikundi kimoja kimenunua viti 40 kwa mkupuo. Utaratibu huu ulikua hasa Marekani baada ya serikali ya nchi hiyo kuacha kupanga nauli mwaka 1978, kisha ukaenea duniani.

Mashirika mengi huanza kuuza kiti kati ya siku 330 na 360 kabla ya safari. Nauli za mwanzoni kabisa si lazima ziwe za chini. Kwa safari ndefu, mawakala wengi hutaja miezi 2 hadi 6 kabla kuwa kipindi chenye nafasi nzuri ya kupata nauli nafuu, na mapema zaidi kwa Desemba. Karibu na mwisho nauli hupanda kwa sababu inayoeleweka: mafungu mengi ya chini yana sharti la kununuliwa siku 21, 14 au 7 kabla, na siku hizo zikipita hufutika moja baada ya jingine.

Kuna imani mbili zinazorudiwa sana. Ya kwanza ni kwamba tiketi ni rahisi zikinunuliwa Jumanne. Siku ya kununua haina uzito mkubwa. Siku ya kusafiri ndiyo yenye uzito, na katikati ya wiki mara nyingi ni nafuu kuliko Ijumaa au Jumapili. Ya pili ni kwamba mtu akitafuta safari ileile mara nyingi kwenye simu, shirika humwona na kumpandishia bei. Jambo hilo halijathibitishwa. Nauli iliyoonekana asubuhi na kupotea mchana kwa kawaida ni fungu lililokwisha.

Hati kabla ya nauli

Pasipoti ya kielektroniki ya Tanzania ilizinduliwa Januari 2018 kwa ada ya shilingi 150,000 na hudumu miaka 10. Mwombaji huhitaji kitambulisho cha taifa na cheti cha kuzaliwa, na ofisi ya Uhamiaji ya mkoa iko Musoma. Nchi nyingi hudai pasipoti iwe na angalau miezi 6 iliyobaki, na baadhi ya wasafiri hugundua upungufu huo wakiwa wamekwisha kulipa nauli.

Katika Mara kuna tatizo la majina ambalo mwongozo ulioandikwa kwingine hauwezi kulitaja. Majina ya Kikurya huandikwa kwa tahajia zaidi ya moja: Ghati na Gati, Bhoke na Boke, Nyamhanga na Nyamuhanga. Cheti cha shule huweza kuwa na tahajia moja na kitambulisho cha taifa nyingine. Tena, mtu hujulikana kijijini kwa jina lake na la baba, ilhali pasipoti hubeba matatu na kulifanya la mwisho kuwa jina la ukoo. Kwa shirika la ndege, Chacha Mwita na Mwita Chacha ni watu wawili. Mashirika mengi husahihisha herufi moja au mbili, kwa ada au bila ada, lakini hayakubali tiketi ihamishwe kutoka mtu mmoja kwenda mwingine. Kununua tiketi kabla pasipoti haijatoka, kwa kutumia jina la cheti cha kidato cha nne, ni kujitafutia gharama.

Baada ya pasipoti huja viza. Balozi nyingi ziko Dar es Salaam, na waombaji wa nchi nyingi hutakiwa kufika wenyewe kutoa alama za vidole, safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kwa basi kutoka Tarime. Kwa nchi za Schengen, maombi ya viza ya muda mfupi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasiwasilishwe chini ya siku 15 kabla. Uamuzi hutolewa kwa kawaida ndani ya siku 15, ila unaweza kufika siku 45. Mwombaji huonyesha nafasi ya ndege iliyoshikiliwa na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Marekani huwashauri waombaji wasifanye mipango ya mwisho ya safari kabla ya kupata viza. Viza ya matembezi ya Dubai ni tofauti: huombwa kwa mtandao kupitia shirika la ndege, hoteli au wakala, kwa hiyo mfanyabiashara anaweza kuamua kwa muda mfupi.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Tuseme tiketi isiyorejeshwa fedha ni dola 900 miezi minne kabla ya safari, na dola 1,100 wiki sita kabla, viza ikiwa imeshatoka. Anayenunua mapema bila viza huokoa dola 200 kwa kuweka rehani dola 900. Kwa familia iliyouza ng'ombe ili kupata nauli hiyo, rehani hiyo ni kubwa mno. Hali hubadilika kwa mwenye viza ya miaka kadhaa ambayo bado ni hai, au kwa tiketi ambayo tarehe yake hubadilishwa kwa ada ndogo. Hao hawana sababu ya kungoja.

Kati ya kununua na kutonunua kuna njia ya tatu, yaani kushikilia nafasi. Wakala anaweza kuandika jina la msafiri kwenye ndege bila malipo, na shirika hutoa muda wa mwisho wa kulipa, kuanzia saa chache hadi siku kadhaa. Nafasi ya namna hiyo hutosha kwa maombi mengi ya viza. Wapo wauzaji wa mitandaoni wanaotengeneza karatasi inayofanana na nafasi halisi, na mwombaji anayeipeleka ubalozini huhatarisha maombi yake yote.

Uwanja wa kuanzia

Kwa watu wa Tarime na Sirari, Nairobi ndiyo yenye mashirika mengi zaidi kwa karibu. Mabasi huvuka Sirari na Isebania, kisha hupitia Migori, Kisii na Narok. Njia nyingine ni kufika Kisumu na kupanda ndege ya ndani hadi Nairobi. Kenya Airways ina safari ya moja kwa moja kati ya Nairobi na New York tangu Oktoba 2018. Raia wa Tanzania hahitaji viza ya Kenya, lakini anahitaji hati halali ya kusafiria, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano huweza kudaiwa wakati wa kurudi au katika nchi anayokwenda. Cheti hicho huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano. Anayechanjwa juma moja kabla ya kuondoka amechelewa.

Kwa upande wa Tanzania, Mwanza ina ndege za kwenda Dar es Salaam, ambako msafiri huunganisha na mashirika ya kimataifa. Air Tanzania ilianza safari za Mumbai Julai 2019, na kwa wagonjwa wa Kanda ya Ziwa hii ilipunguza idadi ya viwanja vya kupita. Uwanja wa Musoma ni mdogo. Wa Mugumu huweza kwenda Arusha na KIA kwa barabara inayokatiza hifadhi za Serengeti na Ngorongoro, ambamo kuna ada za kupita. Katika wilaya ya Serengeti kuna pia viwanja vya watalii, kama Seronera na Fort Ikoma, vyenye ndege ndogo za kwenda Arusha. Nauli zake ni za kitalii, na mzigo kwa kawaida haupaswi kuzidi kilo 15, jambo linalomshinda mwanafunzi anayehamia ng'ambo na mabegi mawili.

Kosa la kawaida ni kulinganisha nauli za ndege peke yake. Tiketi ya Nairobi iliyo nafuu kwa dola 100 kuliko ya Mwanza inaweza kumezwa na basi, usiku mmoja wa nyumba ya wageni na teksi ya kwenda uwanjani, na gharama hizo huongezeka maradufu kama kuna mtu wa kumsindikiza mzee. Kinyume chake pia hutokea: ndege ya Mwanza kwenda Dar es Salaam ikinunuliwa dakika za mwisho huweza kufuta nafuu yote.

Tiketi moja au mbili

Safari inayoandikwa kwenye tiketi moja, kwa mfano Mwanza hadi Dar es Salaam hadi Dubai, humlinda abiria: ndege ya kwanza ikichelewa, shirika hulazimika kumtafutia nyingine. Zikiwa tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali, kuchelewa kwa ya kwanza ni hasara ya msafiri, na mzigo huchukuliwa na kupimwa upya njiani. Basi lililoharibika kabla ya Narok halihesabiwi na shirika lolote la ndege. Wanaosafiri na tiketi ya Nairobi hushauriwa kuvuka mpaka siku moja kabla.

Tiketi moja nayo ina sharti lisilojulikana na wengi. Vipande vyake lazima vitumike kwa mpangilio. Msafiri anayeamua kuacha kipande cha Mwanza na kwenda Dar es Salaam kwa basi, kwa kuwa alikuwa na shughuli huko mapema, hukuta kipande cha Dubai na cha kurudi vimefutwa. Anayejua atapitia Dar es Salaam kwa viza au mikutano ni heri anunue tiketi inayoanzia huko.

Misimu

Viti vya kuja kaskazini mwa Tanzania hujaa kati ya Juni na Oktoba, nyumbu wanapovuka mto Mara upande wa kaskazini wa Serengeti, na tena katika nusu ya pili ya Desemba. Kwa anayetoka Mara kwenda Ulaya mwelekeo ni kinyume: ndege iliyoleta watalii Julai huenda ikarudi na nafasi, lakini mwishoni mwa Agosti watalii wanaorudi na wanafunzi wanaokwenda kuanza masomo Septemba hugombea viti vilevile. Mwanafunzi aliyepata barua ya chuo mwezi Mei na kungoja viza hadi Agosti ananunua katika juma baya kuliko yote. Dawa yake ni kuomba viza mapema, si kununua mapema.

Desemba ni mwezi wa wanaorudi nyumbani kutoka ughaibuni. Sikukuu, likizo za shule na sherehe za jando za Wakurya, ambazo kwa kawaida huangukia mwisho wa mwaka, huwaleta pamoja. Tiketi za kuja hununuliwa katikati ya mwaka na wenye kujua. Maonyesho ya utalii ya ITB mjini Berlin hufanyika kila Machi, na yale ya WTM mjini London kila Novemba. Maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou hufanyika Aprili hadi Mei na Oktoba hadi Novemba. Tarehe hizo hutangazwa mapema sana, hivyo wafanyabiashara ni kundi ambalo kweli linaweza kufaidi nauli za miezi mitano kabla, ilimradi viza imeshughulikiwa.

Malipo

Nauli ya safari za nje hufuata dola hata inapotajwa kwa shilingi. Kanuni zilizotangazwa Machi 2025 zinakataza bidhaa na huduma za ndani kutajwa au kulipwa kwa fedha za kigeni, lakini shilingi ikishuka, bei ya tiketi hupanda bila shirika kugusa chochote.

Vijijini fedha hutoka kwenye kahawa, mahindi, michango ya ukoo na hasa mifugo. Mwisho wa kiangazi ng'ombe hukonda na bei mnadani hushuka, kwa hiyo anayelazimika kuuza kwa haraka huuza wengi zaidi kwa tiketi ileile. Familia zinazojua tarehe ya safari huuza ng'ombe wakiwa wamenona na kuweka fedha benki hadi viza itoke. Kusubiri ng'ombe kwa bei nzuri mara nyingi huokoa zaidi ya kusubiri nauli ishuke.

Malipo hufanyika kwa kadi ya benki, kwa simu au kwa wakala. Nafasi ya ndege huwa na alama sita za herufi na tarakimu, lakini alama hizo peke yake si uthibitisho wa kulipiwa. Tiketi iliyotolewa huwa na namba ya tarakimu 13, na tatu za mwanzo ni za shirika: 197 ni Air Tanzania, 706 Kenya Airways, 071 Ethiopian Airlines. Aliyemlipa wakala na kupewa karatasi isiyo na namba hiyo bado hana tiketi, na anaweza kuhakiki mwenyewe kwenye tovuti ya shirika kwa kuandika alama zake na jina la ukoo.

Saa na tarehe

Ndege nyingi za masafa marefu huondoka Nairobi na Dar es Salaam usiku. Tiketi huandika saa kwa mtindo wa saa 24, na tarehe hubadilika usiku wa manane. Ndege ya 01:15 ya tarehe 14 Juni huondoka saa saba na robo usiku, usiku ambao kwa kawaida ya Waswahili bado ni wa tarehe 13, na msafiri anatakiwa uwanjani tangu saa nne usiku wa tarehe 13. Anayefika jioni ya tarehe 14 amekosa ndege kwa saa nyingi. Hili lizingatiwe wakati wa kuchagua tarehe ya basi, kabla ya kulipa.

Mabadiliko ya ghafla

Tanzania ilisimamisha ndege za abiria za kimataifa Aprili 2020 kwa sababu ya UVIKO-19 na kuziruhusu tena tarehe 18 Mei. Mwezi Agosti mwaka huohuo iliizuia Kenya Airways baada ya Kenya kutoitaja Tanzania kati ya nchi ambazo wasafiri wake wangepokelewa, na zuio likaondolewa Septemba. Januari 2024 Tanzania ilitangaza kusitisha safari za Kenya Airways kati ya Nairobi na Dar es Salaam kutokana na mvutano juu ya ndege za mizigo, na mzozo ukamalizwa ndani ya siku chache. Kwa mtu wa mpakani, ambaye safari yake huweza kuanzia nchi moja na kuishia nyingine, matukio kama hayo ni sababu ya kuuliza masharti ya kurudishiwa fedha kabla ya kulipa.

Shirika lenyewe likifuta safari, abiria kwa kawaida hupewa chaguo la ndege nyingine au fedha zake. Abiria akiacha kusafiri kwa hiari yake, nauli isiyorejeshwa hupotea, ingawa baadhi ya kodi za uwanja ambazo hazikutumika zinaweza kudaiwa. Madai hupitia mahali tiketi iliponunuliwa: aliyelipa kwa wakala wa Mwanza hurudi kwa wakala huyohuyo, si kwenye dirisha la shirika uwanjani.